Uzi: Tunajenga chuo cha kutembelewa kwa simu, na mama mmoja kutoka Mwingi ametufanya tuanze upya

RamaniMtaani (mwanzisha uzi)

Hamjambo wanajamvi. Uzi huu ni mrefu, nawaomba mvumilie, kwa sababu nataka mawazo ya kweli kutoka kwa watu waliowahi kupotea ndani ya chuo.

Mimi na wenzangu wawili tunajenga mazingira pepe ya chuo kimoja hapa Nairobi. Unafungua kiungo kwenye simu, unajikuta umesimama langoni, unageuka huku na huku, unatembea hadi madarasani, maktaba, hosteli, bila kutoka nyumbani kwenu. Chuo sitakitaja, kazi bado haijakabidhiwa.

Mwaka wa kwanza tulikesha na Blender, programu ya kuchonga maumbo ya 3D kwenye kompyuta. Tukachonga jengo la utawala na nguzo zake zote, tukachonga maktaba hadi vigae vya sakafu, tukapanda mijakaranda kando ya barabara na kuitia maua ya zambarau kama inavyokuwa Oktoba. Siku ya maonyesho tukaweka kompyuta kubwa mezani, watu wakajaa, wakatupongeza. Kisha akaja mama mmoja na binti yake aliyekuwa ameitwa kujiunga. Walikuwa wamesafiri usiku kucha kutoka Mwingi, huko Kitui. Barua ya kuitwa ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha ameifunga kwa leso isinyeshewe. Akaniambia, "Mwanangu, nionyeshe pale tunapolipia, na pale huyu atakapolala."

Nikampeleka hadi jengo la utawala, pale kwenye skrini. Akalitazama kwa makini. Akasema, "Nyumba nimeiona. Mlango ni upi?"

Jengo lile lina milango minne. Mlango wa kulipia uko nyuma. Unashuka ngazi tatu kando ya tangi jeusi la maji, unakuta dirisha lenye nondo. Kwenye modeli yetu upande ule wote ulikuwa ukuta mtupu, kwa sababu hakuna anayeupiga picha. Tulikuwa tumechonga nguzo ambazo hakuna aliyeziulizia, na mahali ambapo kila mwanafunzi mpya lazima afike hatukuwa tumepaweka kabisa.

Ndipo tukaamua kuanza na njia, majengo yafuate. Wiki ya usajili iliyofuata tuliomba ruhusa kwa walinzi, tukasimama langoni na daftari, tukaandika kila swali jinsi lilivyoulizwa. Hakuna aliyeuliza jengo lilijengwa lini. Waliuliza choo kiko wapi. Waliuliza pa kutoa fotokopi, maana ukifika dirishani unaambiwa nakala zinatakiwa mbili nawe una moja. Waliuliza godoro linauzwa wapi, na lango gani linaruhusu teksi yenye sanduku la bati kuingia. Wazazi waliuliza pa kuketi wakingoja, na wengi waliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya kuonekana mgeni.

Kuna mtaalamu wa miji wa Marekani, Kevin Lynch, aliyeeleza mwaka 1960 kwamba watu hubeba mji kichwani kwa vitu vitano: njia, kingo, mitaa, makutano na alama. Nilipokutana na maelezo hayo nikaona ndivyo tunavyoelekezana hapa Nairobi siku zote. "Ukishuka steji usivuke, fuata ukuta wa mawe mpaka umwone mama wa chapati, hapo pinda kushoto." Steji ni makutano, ukuta ni ukingo, mama wa chapati ni alama. Hakuna nambari ya jengo hapo, na mtu anafika.

Kwa hiyo sasa, ndani ya programu yetu, chuo ni vituo na vijia vinavyoviunganisha. Kila kijia kimeandikwa kina hatua ngapi, ngazi ngapi, ni lami au udongo, taa zipo au hazipo, mlango wa mwisho unafungwa saa ngapi. Picha tunazitundika juu ya vituo hivyo. Mgeni anachagua swali lake, "pa kulipia" au "hosteli ya wasichana", na mazingira yanamshika mkono kutoka langoni.

Ninachotaka kutoka kwenu: mliosoma au mnaosoma hapa mjini, ni wapi mlipotea siku ya kwanza? Na mafundi, mnitazamie huo upande wa picha, maana bado tunabishana sisi wenyewe kuhusu modeli na picha za 360, zile zinazoonyesha pande zote kutoka pale kamera iliposimama.

FundiPikseli

Kazi nzuri, kaka. Hapo pa picha nina uzoefu, acha niseme.

Kwa njia za nje tumia picha za 360, usipoteze miezi ukichonga miti. Ila jihadhari na mambo mawili ambayo watu huyagundua wakiwa wamechelewa.

La kwanza ni uzito. Picha ya 360 yenye upana wa pikseli 4096 na kimo cha 2048 inaweza kuwa faili ya MB 2 tu ikiwa JPEG, ukafurahi. Lakini simu ikiifungua ili kuichora, kila pikseli inachukua baiti 4. Zidisha: ni kama MB 33 kwenye kumbukumbu ya simu, kwa picha moja. Ukienda 8192 kwa 4096 inakuwa MB 134. Ukipakia vituo vitatu kwa pamoja, simu ya bei nafuu inakifunga kivinjari na mtu anadhani tovuti yenu ni mbovu. Pakia kituo alichosimama na kile anachokiendea, vingine visubiri, na alivyoviacha nyuma viondolewe. Ukitumia KTX2, aina ya faili ya picha, picha inakaa imebanwa hata ndani ya kumbukumbu, hiyo inasaidia sana.

La pili ni maandishi. Pikseli 4096 zimegawanywa kwa nyuzi 360 za duara zima. Hiyo ni pikseli 11 na kidogo kwa kila nyuzi. Kibao cha upana wa mita 1 kikiwa umbali wa mita 10 kinachukua nyuzi kama 6 tu, yaani pikseli 65. Jaribu kuandika "Ofisi ya Msajili wa Masomo" ndani ya pikseli 65 uone. Hakisomeki. Basi kila kibao kiandikwe upya kama maandishi yanayoelea juu ya picha, na yakue mtu anapovuta karibu.

RamaniMtaani

FundiPikseli, asante sana. Hilo la vibao lilitukuta hasa. Tulipiga picha mbele ya ubao mkubwa wa maelekezo, tukashangilia kwamba umeingia wote, kumbe kwenye simu ni rangi tu, mistari ya kijani na nyeupe.

Niongeze tuliyojifunza kuhusu kupiga picha zenyewe, huenda yakamfaa mwingine. Kamera tunaiweka kwenye tripodi kwa kimo cha mita 1.6, karibu na macho ya mtu mzima. Tulianza juu zaidi ili tusizibwe na magari, na kila aliyejaribu akasema anahisi anaelea. Kamera za lenzi mbili zina mshono pale picha mbili zinapokutana, kwa hiyo mshono tunauelekeza kwenye ukuta au majani, kamwe si mlangoni, maana mlango uliokatwa katikati unamchanganya mgeni. Na kitu chochote kilicho karibu kuliko mita moja hivi kinavunjika kwenye mshono huo, hata reli ya ngazi.

Wakati wa kupiga ni Julai. Nairobi mnaijua Julai: mawingu siku nzima, sweta, watu wanalalamika. Kwa kamera hiyo ni neema, mwanga unatoka kila upande na hakuna kivuli kikali. Januari tulijaribu saa sita mchana. Tuko karibu nyuzi moja tu kusini mwa Ikweta, jua liko juu sana. Paa linawaka jeupe na mlango chini ya baraza ni giza tupu. Tulirudia vituo vyote vya siku ile.

Kaka_Mwiki

Swali la haraka tu. Kwa nini mtu asitumie Google Maps kama sisi sote?

RamaniMtaani

Kaka, atumie, na itamfikisha langoni vizuri kabisa. Shida inaanzia pale. Magari ya Street View, yanayoipigia Google picha za mitaa, hupita barabarani, na chuo kiko nyuma ya lango. Ukiwa ndani, nukta ya buluu inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na mita kadhaa ndizo tofauti ya mlango wa mbele na wa nyuma. Haijui pia kama uko chini au ghorofa ya tatu. Tena GPS inakusaidia ukiwa umeshafika, na mama yule alitaka kujua akiwa bado Mwingi, ili asiingie mji mkubwa na hofu.

Kuna jambo jingine. Kwa vyuo vingine hata kujua uende kampasi ipi ni kazi. Mtu akiambiwa ameitwa Chuo Kikuu cha Nairobi anadhani ni mahali pamoja pale barabara ya University Way, kumbe kuna Chiromo, Parklands, Kabete ya Juu na ya Chini, hadi Kikuyu. Swali la kwanza la mazingira kama haya linapaswa kuwa "barua yako imeandikwa nini?", na picha zije baadaye.

MzeeWaLangoni

Wanangu, nimesoma uzi huu wote kwa sababu nilikuwa mlinzi wa lango la chuo kwa miaka 22, hapa hapa Nairobi. Maswali hayo mliyoandika kwenye daftari nimeyajibu mimi kwa mdomo.

Nawapongeza kwa kuuliza walinzi. Ila nina neno zito. Msionyeshe kila kitu. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao watoto wa watu waliokuwa wamelala hostelini. Sisi tuliokuwa kazini malangoni kwingine hatukulala vizuri kwa muda mrefu. Tangu hapo nikiona picha ya ndani ya bweni mtandaoni, inayoonyesha ukumbi, ngazi na mlango wa dharura uko wapi, moyo unashtuka.

Mwonyesheni mgeni njia mpaka mlango wa hosteli na meza ya mlinzi wa hosteli. Mwacheni pale. Chumba ataonyeshwa akifika, na mzazi akitaka kujua kitanda kikoje, pigeni picha ya chumba kimoja kitupu bila kusema ni cha jengo gani. Vivyo hivyo vyumba vya mitambo, na vibanda vyetu vya ulinzi upande wa nyuma. Mkifanya hivyo hamtakuwa mmempunguzia mgeni chochote.

RamaniMtaani

Mzee wetu, nimekuelewa, na nashukuru umelisema waziwazi. Tulikuwa na ngazi za hosteli mbili kwenye rekodi, nimeziondoa leo jioni baada ya kusoma ulichoandika. Wazo la chumba kitupu tunalichukua.

Kwa wengine wanaotaka kujaribu kazi ya namna hii: kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na sura ya mtu ni taarifa yake binafsi. Tunapiga Jumapili asubuhi, na aliyebaki kwenye picha tunamtia ukungu usoni, na nambari za magari pia. Droni tuliiacha. Kuna kanuni za mwaka 2020 za ndege zisizo na rubani, unahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hapa mjini una Ikulu upande mmoja na uwanja wa ndege wa Wilson upande mwingine. Zaidi ya hapo, mgeni haingii chuoni kwa juu. Paa halimsaidii.

Gurudumu_Eastlands

Natumia kiti cha magurudumu. Swali lako lilikuwa nilipotea wapi siku ya kwanza. Mimi sikupotea, nilifika kila mahali nikakuta ngazi.

Niliambiwa na mtu mwema kabisa kwamba jengo la madarasa "lina njia ya magurudumu". Nikazunguka nyuma nusu saa kuitafuta. Ilikuwepo. Ilikuwa mteremko wa zege waliomwaga juu ya ngazi, mkali kiasi kwamba mtu mmoja alinisukuma na mwingine akanishika mbele nisirudi nyuma. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12. Ukitaka kupanda sentimita 45, yaani ngazi tatu za kawaida, unahitaji mteremko wa mita 5.4. Ule ulikuwa haufiki mita 2.

Kwa hiyo naomba, msiweke alama ya kiti cha magurudumu halafu mkaishia hapo. Pimeni. Andikeni urefu na kimo, mimi nitaamua mwenyewe kama naweza. Pigeni picha ya mteremko kwa ubavu, kwa sababu ukiupiga kwa mbele kila mteremko unaonekana tambarare. Na kama lifti ina tabia ya kulala, semeni, na semeni nambari ya simu ya ofisi ya kupiga kabla ya kuja. Na njia yangu isianze nyuma ya jengo kwenye mapipa ya taka kama hakuna sababu.

RamaniMtaani

Gurudumu, maneno yako nimeyasoma mara tatu. Kwenye vijia vyetu tuliandika "ngazi: 3" au "ngazi: 0", basi. Mteremko tuliuhesabu kama ngazi 0, kama vile ni sawa na tambarare. Hilo lilikuwa kosa letu. Jumamosi hii tunatoka na futi kamba na kipima nyuzi, tunapima kila mteremko wa chuo, na picha za ubavuni tutapiga. Ukikubali kuja nasi tutafurahi, na gharama ya usafiri ni juu yetu.

Kuna rafiki yetu asiyeona aliyetufundisha jambo jingine. Mazingira yanayochorwa na WebGL, teknolojia ya kuchora 3D ndani ya kivinjari, ni kama ubao mmoja wa rangi kwa programu ya kusoma skrini. Haioni mlango wala kibao, inaona mstatili mtupu. Kwa hiyo kila njia tumeiandika pia kwa maneno kwenye ukurasa ule ule: "Kutoka langoni tembea hatua 60 ukiwa na ukuta mkono wa kulia, utasikia barabara kuu nyuma yako." Na maneno hayo yametusaidia kuliko tulivyodhani, kwa sababu yana uzito wa kilobaiti chache. Aliyeishiwa na bando anayapata hata kama picha hazifunguki. Sasa tunayapakia kwanza, picha zinafuata.

Ziwa_Babati

Mkuu, nawasalimu kutoka Tanzania. Wazo hili lina historia ndefu, pengine ikutie moyo. Mwaka 1978 watu wa MIT waliendesha gari lenye kamera juu ya paa katika mji mdogo wa Aspen, Colorado, wakipiga picha kila futi 10, kama mita 3. Wakaziweka kwenye diski za leza, na mtu mbele ya skrini aliweza kwenda mbele, kukata kushoto au kulia kwenye makutano. Waliupiga mji ule katika misimu tofauti, vuli na baridi ya theluji, na mtazamaji alibadili msimu akiwa pale pale. Sisi misimu yetu ni kiangazi na masika. Je, mmefikiria mvua?

DadaWaJioni

Naunga hapo kwa Ziwa_Babati na kuongeza usiku. Nilisoma masomo ya jioni miaka minne. Darasa linaisha saa mbili na nusu usiku, na njia ya mchana si njia ya usiku. Ile ya mkato kupitia bustani, ambayo programu yoyote itakupa kwa sababu ni fupi, hakuna msichana anayeipita peke yake baada ya saa moja. Tulizunguka kwa mbele, pale penye taa na mtu wa fotokopi ambaye hufunga akiwa wa mwisho. Tulijua saa zake kuliko ratiba ya mitihani. Tulitembea kundi, na tuliokuwa tunaelekea steji moja tulingojana kwenye ngazi za maktaba.

Haya hayako kwenye kibao chochote. Dada mkubwa anamwambia mdogo. Asiye na dada mkubwa hapo chuoni anajifunza kwa kuogopa.

RamaniMtaani

Dada, asante. Njia ya usiku tutaiweka kama njia kamili, yenye picha zake za usiku, na programu ikijua ni saa moja jioni kwenda mbele itoe hiyo kwanza hata kama ni ndefu. Taa tutazihesabu tukitembea, tusitegemee ramani ya umeme, maana nguzo kuwepo hakumaanishi taa inawaka. Na pale pa kungojana kwenye ngazi za maktaba napaweka kama kituo, kwa ruhusa yako.

Mvua: kuna sehemu mbili ambazo Aprili zinageuka bwawa, hapo tumeandika kwa maneno na kuchora kijia cha kuzunguka. Picha za masika bado hatuna.

Mwalimu_Kimathi

Mimi nafundisha Kiswahili sekondari na kila mwaka nawaaga wanafunzi wanaokwenda vyuoni. Mmezungumzia picha na vipimo. Lugha je? Mzazi anayesoma barua ile mara nyingi anasoma Kiswahili. Katiba ya 2010 imekifanya lugha ya taifa na pia lugha rasmi, wala si hisani kukiweka.

Ila kuweni waangalifu na tafsiri za haraka. "Ghorofa ya kwanza" peke yake inatosha kumpoteza mtu. Kwa ofisi zetu ni ile ya juu ukishapanda ngazi, lakini mzazi wangu mimi huanza kuhesabu kutoka chini, na hajakosea kwa hesabu yake. Andikeni "panda ngazi mara moja". Na majina! Chuo Kikuu cha Nairobi kuna jengo la madarasa linaloitwa 8-4-4, kwa jina la ule mfumo wa elimu ulioanza 1985. Mgeni akiambiwa "darasa liko 8-4-4" atatafuta chumba nambari 844. Kila chuo kina majina yake ya namna hiyo. Wekeni jina la kibao na jina la mdomo pamoja.

Ombi la mwisho: historia msiiache. Binti anayepita Chiromo ajue kwamba Wangari Maathai alipata udaktari wake wa falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971 na kufundisha huko anatomia ya wanyama. Anayeingia Chuo Kikuu cha Kenyatta ajue palikuwa kambi ya jeshi la Waingereza. Hilo nalo linamwambia mtu kwamba mahali hapa ni pake.

RamaniMtaani

Mwalimu, la ghorofa tumelibadilisha tayari. Tumeweka pia mchoro wa jengo lililokatwa ubavu, ghorofa zinaonekana kama rafu za kabati, na chumba unachokitafuta kinawaka. Hapo ndipo modeli ya Blender imepata kazi yake ya kweli. Tumeondoa mapambo yote, tumeihifadhi kwa glTF, aina ya faili ya 3D, na kuibana kwa Draco ili iwe nyepesi, inafunguka hata kwa simu ya zamani.

Majina ya mdomo tumeyaruhusu kwenye sehemu ya kutafuta, hata yale ambayo wakubwa wa chuo hawayapendi, maana mtu hutafuta alilosikia.

Historia nakubaliana nawe, na nimeiwekea kitufe chake. Ila mwaka huu itakuja baada ya njia ya kwenda pa kulipia, mwalimu. Akishapata kitanda na risiti ataweza kutembea polepole.

FundiPikseli

Nimesahau jambo. Mwendo. Msiwape watu kijiti cha kutembea kama mchezo wa gari, hasa wakivaa miwani ya uhalisia pepe. Macho yanasema unakwenda, sikio la ndani linasema umekaa, tumbo linakataa. Gusa kituo, picha ififie, ujikute pale. Na ukifika, utazame uelekeo ule ule uliokuwa unaelekea, usigeuzwe. Nimeona kazi nyingi zinazomgeuza mtu kaskazini kila akifika kituo kipya, naye anapotea ndani ya programu ya kumzuia asipotee.

Nyota_ya_Mwingi

Nimekuwa nikisoma kimya. Mimi si yule binti wa kwenye hadithi lakini natoka huko huko, niko mwaka wa pili sasa. Mama yangu yuko nyumbani na ana simu ndogo ya skrini ya mguso, bando anaweka ya siku. Hajawahi kufika chuoni kwetu. Kama ni chuo ninachokidhania, nitumie kiungo kwa ujumbe nimpe ajaribu. Nitamwambia atafute pa kulipia, sitamsaidia, nitasikiliza tu kwa simu.

RamaniMtaani

Nimekutumia, dada. Usimsaidie hata akikasirika. Tafadhali andika anaposimama na anachosema.

Nyota_ya_Mwingi

Amejaribu jana jioni, dakika 25 hivi. Naandika kama alivyosema.

Langoni aliingia vizuri. Alisema "hapa kuna ukuta kama mlivyoandika." Alisoma maneno kwanza, picha zilichelewa kidogo kufunguka lakini hakujali. Kwenye makutano ya kwanza alikwenda kulia alipotakiwa kushoto, kwa sababu kulia kuna watu kwenye picha na kushoto hakuna, akasema "watu ndio njia." Akarudi mwenyewe. Kwa mama wa chapati alicheka, akauliza chapati ni pesa ngapi. Akashuka hadi kwenye tangi jeusi.

Hapo alikwama. Alinipigia akasema, "Mlango nimeuona, lakini mwenzako huyo ameniandikia nishuke ngazi tatu na mimi naona mbili." Nikamwambia ahesabu tena. Akahesabu tena. Mbili. Leo nikitoka darasani nimepita pale. Wamemwaga zege jipya tangu mlipopiga picha ile mliyoandikia maneno, ngazi ya chini imezikwa, na picha mliyoiweka sasa ni mpya kuliko maneno. Na kando yake kuna mteremko mpya. Sijui urefu wake.

RamaniMtaani

Dada, mpe mama shukrani zangu nyingi. Neno "tatu" nimelibadilisha sasa hivi. Na kule kwenye makutano tutapiga upya siku ya kazi, watu wawepo upande ulio sahihi, nyuso tutazitia ukungu.

Gurudumu, Jumamosi tunaanzia kwenye mteremko huo. Saa tatu asubuhi, lango la chini, lile linaloruhusu teksi kuingia. Nitakuwa na futi kamba.

Gurudumu_Eastlands

Nitakuja. Beba na chaki, tuandike kipimo chini kabla ya kupiga picha.